Umekula? Nimekula

Mume wangu alipokwenda kusoma Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, tuliahidiana kuongea kila siku. Na kweli tukaongea. Umekula? Nimekula. Watoto wazima? Wazima. Ada yao? Nimeshalipa. Mwezi Mei, baada ya miezi minane ya hayo, nikapanda ndege kumfuata. Moyoni nilikuwa na swali moja tu, na wewe mwenzangu unalijua.

Jamani, mji ule una raha yake! Katikati yake ni kipande chembamba cha ardhi kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Mtaa wa State Street unatoka kwenye jengo la bunge la jimbo mpaka chuo kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1848, na magari binafsi hayapiti. Ni wanafunzi, baiskeli, mabasi na wapiga gitaa. Jumamosi asubuhi tulizunguka soko la wakulima, lililoanza mwaka 1972, pale pale nje ya bunge. Nikaonja vipande vya jibini mbichi vinavyolia "kwi kwi" kwenye meno. Nilicheka mpaka watu wakageuka!

Jioni akanipeleka Memorial Union, kando ya ziwa Mendota. Kuna viti vya chuma vya kijani, njano na rangi ya machungwa, migongo yake kama jua linalochomoza. Tukanunua aiskrimu inayotengenezwa na chuo chenyewe. Vijana wakipiga kelele, sisi kimya. Mwisho nikalitoa.

"Baba watoto, kuna mtu?"

Akashtuka. "Mtu gani? Mama, nilifeli somo la takwimu. Desemba. Januari ziwa hili likaganda, watu wanatembea juu yake, mimi nimesimama hapa nalia. Ningekuambiaje kwenye simu, na wewe unalipa ada peke yako?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mwingine. Kwa takwimu sikujiandaa hata kidogo. Tulikaa pale mpaka aiskrimu ikayeyuka, tukaongea miezi minane yote usiku mmoja. Somo atalirudia.

Wewe mwenye mwenzi wa mbali, leo usimuulize kama amekula. Muulize nini kimemshinda wiki hii, halafu nyamaza umsikilize.

Tukutane mwezi ujao.