Akiba ya dawa inaliwa

Mgonjwa anayelazwa leo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala huenda amekwishameza, kabla ya kufika hapo, aina mbili tatu za antibayotiki. Amezinunua duka la jirani bila cheti cha daktari, vidonge viwili leo, viwili kesho, kwa kadiri ya fedha iliyokuwamo mfukoni. Si kosa lake peke yake: kibarua hakingoji foleni ya hospitali.

Lakini bakteria nao wana hesabu yao. Dawa huwaua walio dhaifu, wakabaki sugu, nao huzaana. Tena hupeana silaha: kipande kidogo cha urithi chenye siri ya kuvunja dawa hupita kutoka kwa bakteria wa jamii moja hadi wa jamii nyingine. Ndiyo maana hata meropenemu, ambayo waganga huiweka akiba kwa mgonjwa aliyeshindikana, hukuta bakteria wenye kimeng'enya cha kuiharibu. Hao walikwisharipotiwa Mwanza mwaka 2014.

Anayedhani hayo ni mambo ya Ulaya na akumbuke Muhimbili. Miongoni mwa watoto waliochunguzwa damu huko mwaka 2001 na 2002, wale walioingiwa na bakteria wenye kuvunja sefalosporini walifariki 71 katika kila 100. Kwa bakteria wasio na uwezo huo, walikuwa 39.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasijione wako mbali. Boti huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, na bakteria haonyeshi kitambulisho bandarini. Bara ina mamlaka yake ya dawa, Zanzibar ina wakala wake. Ukaguzi ukikazwa upande mmoja tu wa bahari, ni kazi bure.

Mipango ya Serikali ipo: wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Tunachokidai ni maabara. Daktari asiye na majibu ya kuotesha bakteria hulazimika kubahatisha, na mwenye kubahatisha mbele ya mtoto anayekata roho huchagua dawa kali kuliko zote. Nani atamlaumu? Basi wakuu wa Wizara, Bara na Visiwani, watuonyeshe katika bajeti ijayo fungu la vitendanishi vya kazi hiyo, likitajwa hospitali kwa hospitali.