Kipindupindu: tatizo ni kile kijidudu anachokitema

Wadau, kila zikisikika habari za kipindupindu kwetu Katavi, iwe kule mwambaoni Karema na Ikola au hapa Mpanda mjini, mtu wa kwanza utamkuta duka la dawa anaulizia vidonge. Mimi nasema tunaanzia pabaya.

Kijidudu cha kipindupindu hakitoboi utumbo wala hakina haja ya kuingia kwenye damu. Kinajishikiza kwenye utumbo mdogo, kinatengeneza sumu ya protini, halafu kinaisukuma nje kwa kitu kama pampu kilichopenya ukuta wake. Sumu ina vipande sita. Vitano vinaing'ang'ania seli ya utumbo, cha sita kinaingia ndani na kuilazimisha seli imwage chumvi na maji. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja.

Mwaka 1959 kule Calcutta, India, mtafiti S. N. De aliwakuza vijidudu hao kwenye mchuzi, akauchuja wakabaki nje, kisha akautia mchuzi mtupu kwenye utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji vilevile!

Sasa tufikiri. Dawa inaua kijidudu, na daktari akiona inafaa ataitoa. Lakini sumu iliyokwisha kuingia kwenye seli hairudishwi na kidonge. Kinachomwokoa mtu ni maji kurudi mwilini haraka. Na bahati nzuri sumu hiyo haifungi mlango ambao sukari na chumvi hupitia pamoja, zikivuta maji. Kama hakuna pakiti ya ORS: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo huku mkimkimbiza zahanati.

Mei 2015, kwenye ziwa letu hili hili la Tanganyika, pale Kagunga mkoani Kigoma, kipindupindu kiliwavamia wakimbizi kutoka Burundi, na wagonjwa wakafikia maelfu. Kwa hiyo si hadithi za mbali.

Mabango yanatuambia tunawe mikono. Sawa kabisa. Ila mwananchi akielezwa na sababu, hatasubiri asubuhi. Kutoka vijiji vyetu hadi hospitali ni mwendo, na lita kwa saa haingoji basi.

Je, nyumbani kwako nani anakijua kipimo hicho? Karibuni tujadili.