Mtoto anayeuza mandazi bila kukosea pesa si mjinga wa hesabu

Wazazi, walimu, na ninyi nyote mnaoishi katika mitaa na kambi za Bunia, leo tuzungumze juu ya mtoto wa mwaka wa tatu au wa nne anayerudi nyumbani na daftari limejaa alama nyekundu. Mara nyingi tunamwambia: "Wewe, hesabu imekukataa." Mimi sikubaliani na maneno hayo.

Mtazame mtoto huyohuyo sokoni. Mama amempa mandazi 40, kila moja franka 100. Jioni anarudi na mandazi 8. Kabla hajaweka beseni chini, anajua kwamba lazima awe na franka 3200 mkononi, na kama kuna mteja aliyemdanganya franka 200, ataligundua. Hapo amefanya kutoa na kuzidisha bila kalamu. Kesho yake mwalimu anaandika ubaoni swali la namna hiyo kwa Kifaransa, na mtoto ananyamaza. Hesabu anaijua, lakini neno "soustraction" limemfungia mlango.

Katika nchi yetu, miaka ya kwanza ya shule ya msingi mtoto anapaswa kufundishwa kwa lugha ya kwao, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Mtoto aliyekimbia vita ana mzigo zaidi: lugha ya kijijini kwake, Kiswahili cha mjini, na sasa Kifaransa cha ubaoni. Tangu mapigano yaanze tena Djugu mwishoni mwa 2017, wengi wamepoteza miaka ya masomo. Wa miaka 13 anakaa benchi moja na wa miaka 9, na anaogopa kuuliza kwa sababu wenzake watamcheka. Asiyeuliza anabaki nyuma, na anayebaki nyuma huacha shule kabla ya mtihani wa taifa wa mwaka wa sita. Njia zinazomngoja tunazijua: machimbo ya dhahabu, bunduki, au ndoa ya mapema kwa msichana.

Tufanye nini? Mzazi, jioni mpe mtoto dakika 10. Mwache apige hesabu ya siku kwa sauti, kwa Kiswahili. Akikosea, usimkaripie, muulize: "Umefikaje hapo?" Kisha mtume akamuulize mwalimu kutoa na kuzidisha vinaitwaje kwa Kifaransa. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kufanya hivyo, maana pesa ziko mbele yake na masikio anayo.

Sayansi nayo iko karibu. Chukueni maji ya matope katika chupa mbili. Moja iacheni itulie, nyingine chujeni kwa kitambaa safi. Kabla ya kuangalia, mtoto aseme anafikiri ipi itakuwa na maji meupe zaidi, na kwa nini. Halafu mweleze kwamba maji yakiwa meupe bado yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana tunayachemsha au kuyatia klorini. Somo hilo litamkinga yeye na wadogo zake.

Walimu wetu, najua madarasa yamejaa na mshahara ni mdogo. Lakini fimbo au kicheko juu ya jibu baya vinafunga midomo ya darasa zima. Mwache mtoto aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha mpe neno la Kifaransa. Aliyeelewa amweleze jirani yake wa benchi.

Wengine watasema mtihani ni wa Kifaransa, kwa hiyo Kiswahili kitampotosha. Mtihani ni wa Kifaransa, ni kweli. Lakini mtoto aliyekwisha kuelewa jambo anahitaji neno tu. Asiyeelewa atakariri maneno, na swali likibadilika kidogo atapotea.

Viongozi nao wasijifiche. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na tangu mwaka wa shule wa 2019-2020 serikali imetangaza kuutekeleza ubure huo. Mtoto akifukuzwa kwa ajili ya pesa siku wanayojifunza kugawanya, wiki inayofuata hataelewa sehemu. Hesabu inajengwa kama ukuta: tofali la chini likikosekana, la juu halina pa kukaa.

Kumwambia mtoto "wewe ni hodari" kila siku hakutoshi. Atajiamini akieleza jambo, mtu mzima akamsikiliza mpaka mwisho. Leo jioni, kabla ya kuzima taa, muulize wako: "Tumebaki na ngapi, na umejuaje?" Kisha nyamaza umsikilize.