Saa za Chakula

Mtu aliyezoea kula kupita kiasi aghalabu huhukumiwa kwa neno moja, mlafi, na hukumu hiyo ikishatolewa hakuna anayejishughulisha kuuliza asubuhi yake alikula nini. Nami naona swali hilo ndilo lililopasa kutangulia, kwa kuwa wengi katika wale wanaoshindwa kujizuia usiku ni watu walioshinda na njaa mchana kutwa. Huyu ametoka nyumbani alfajiri kuwahi daladala, amekunywa chai ya rangi pasi na kitafunio, adhuhuri ameipitisha kwa soda, na jioni amerudi akijisifu moyoni kwamba leo ameiweza nafsi yake. Wenziwe wakiisha kulala huingia jikoni, akaifunua sufuria ya wali uliobaki, akala wima, kifuniko kikiwa mkono mmoja, bila ya kupasha moto wala kunawa. Wali ukiisha hugeukia mkate, na mkate ukiisha hutafuta halua au sukari, na katika vyote hivyo hapati ladha ya kimoja, hata tumbo linaanza kumuuma. Kisha huosha vyombo ili pasijulikane neno. Haya humwandama mpaka kunakucha, na kukikucha hutia nia ya kujiadhibu, kwamba leo hali kitu hata jioni.

Nia hiyo, ambayo yeye huiona kuwa ni toba, ndiyo inayomrudisha jikoni usiku wa pili.

Mwaka 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa havijaisha, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, aliwakusanya vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya itikadi zao, nao wakakubali kwa hiari yao kupunguziwa chakula ili ijulikane njia bora ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofishwa na njaa. Walichaguliwa kwa siha yao na utimamu wa akili zao. Hata hivyo, baada ya karibu miezi sita ya kula kama nusu ya mazoea yao, walikuwa wamepoteza kadiri ya robo ya uzito wao, mazungumzo yao yamegeuka kuwa ya chakula tu, baadhi yao wakikusanya vitabu vya mapishi na kuramba sahani mpaka zikang'aa. Na walipofunguliwa kula watakavyo, walikuwamo waliokula maakuli ya kutisha kwa wingi wake na bado wakasema hawajashiba, hali iliyowadumu kwa muda. Kama njaa iliweza kuwatenda hivyo vijana waliokuwa na azma thabiti, nasikia uchungu kumwona mtu wa kawaida akisutwa kwa kukosa uthabiti, ilhali kila siku anajitia katika mtihani ule ule kwa mikono yake.

Ndiyo maana tabibu Christopher Fairburn wa Oxford, aliyeyashughulikia maradhi ya namna hii kwa miaka mingi, hakuanza na marufuku ya vyakula. Katika utaratibu wake, mojawapo ya mambo ya mapema ni kuurudisha ulaji kwenye majira yake: milo mitatu kwa siku, na vitafunio viwili au vitatu baina yake, bila ya kuacha nafasi inayozidi mno saa nne, na bila ya kula chochote nje ya nyakati hizo. Katika nyumba zetu hesabu hiyo si ngeni. Staftahi ikiliwa saa moja asubuhi, ndizi au kipande cha muhogo saa nne, chakula cha mchana saa saba, kikombe cha chai na andazi moja saa kumi na nusu, na chajio saa mbili usiku, hapatakuwa na saa ambayo njaa imepata nafasi ya kugeuka wazimu. Wa kipato kidogo ataniambia kwamba hana vitu vyote hivi, na neno lake ni la haki. Lakini hata kile alicho nacho, afadhali kigawanywe mchana kutwa kuliko kulimbikizwa chote usiku.

Saa ikifika, mtu na ale hata kama hamu haipo, kwa maana aliyevurugika namna hii hawezi mwanzoni kuiamini njaa yake wala shibe yake. Na apakue: upawa mmoja wa wali, kipande cha samaki na mchuzi wake, mchicha, chungwa, kisha sufuria ibaki jikoni, naye akae kitako, ale kwa utulivu. Akiteleza, na kuteleza kupo, mlo unaofuata usirukwe. Hapa ndipo penye ugumu wote, kwani asubuhi ya baada ya karamu ya siri mkate na mayai humtisha mtu kama adui, naye akiweza kuula mlo ule mdogo kwa saa yake, amefanya kazi kubwa kuliko aliyefunga siku tatu.

Sisemi haya kuidharau saumu. Mfungo wa Ramadhani una saa zake zilizo wazi, daku mwishoni mwa usiku na futari jua lichwapo, na wafuatao sunna huanza kwa tende na maji, wakaenda kuswali Magharibi, ndipo wakarudi kwenye sinia. Kitambo hicho kidogo huutuliza mwili kabla ya tonge la kwanza la chakula kizito. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya aliisifu sana njaa na kuueleza upana wa madhara ya tumbo, lakini mwisho wa maelezo yake aliirudia hali ya wastani, kwamba aliye sawa wa tabia ale kadiri asiyosikia uzito wa tumbo wala maumivu ya njaa. Wengi wetu tumeichukua nusu ya kwanza ya mafundisho hayo tukaiacha ya pili.

Anayejitapisha au kunywa haluli baada ya kula, na mwenye kisukari anayetumia sindano, hao wamwendee daktari kwanza, maana mabadiliko ya milo kwao yana hatari yake.

Waliobaki wanahitaji nyumba itakayoacha kuwahesabia matonge na kuwafungia kabati, na itakayowaita mezani kwa sauti ile ile wanayoitiwa wengine. Wanahitaji pia waajiri wenye insafu. Mtu anayesimama dukani au kiwandani tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, akila andazi kwa kujificha nyuma ya magunia, hawezi kuyashika majira ya chakula kwa nia njema peke yake; apewe saa yake kamili ya adhuhuri, mahali pa kukaa, na maji ya kunawa mikono.