Jetoni ya 42 isifungue akaunti ya jirani

Depo na shule za Uvira, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, zinaanza kuacha daftari na kuweka hesabu kwenye tovuti. Ni jambo zuri. Lakini wanaolipia programu hizo huuliza bei na rangi, hawaulizi swali ninaloliona kubwa kuliko yote: mtu akishaingia, tovuti inamtambuaje?

Neno la siri huombwa mara moja tu. Baada ya hapo seva humpa mtu namba ya kikao, na simu yake huionyesha kila anapofungua ukurasa mwingine. Ni kama jetoni ya kituo cha afya: anayeishika ndiye anayehudumiwa. Sasa, ukishika jetoni ya 41 unajua iliyo mbele na iliyo nyuma yako. Tovuti ikigawa namba kwa mfuatano, au ikizitoa kwenye saa, mjanja mmoja wa Mulongwe anaweza kujaribu namba kadhaa akajikuta ndani ya akaunti ya mhasibu anayeandika minervali. Neno la siri la mhasibu hata halihitaji.

Wakubwa nao walinaswa hapo. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, Ian Goldberg na David Wagner, walionyesha kuwa funguo za siri za Netscape ziliweza kukisiwa, kwa sababu zilitokana na saa ya kompyuta na namba chache za ndani yake. Amri ya PHP iitwayo uniqid nayo hutegemea saa, na bado kuna wanaoitumia kwa kazi hii.

Kisingizio chao ni wepesi: seva ni ndogo, intaneti inakatika, tusiiongezee mzigo. Sikikubali. Kuiomba kompyuta baiti 16 za bahati nasibu kwa random_bytes, iliyomo katika PHP tangu mwaka 2015, hakufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukurasa wenyewe unachelewa zaidi njiani kuja Uvira. Namba hiyo ibadilishwe mtu anapoingia, ifutwe anapotoka, hasa nyumba ambamo simu moja ni ya watu watatu.

Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, basi prefe asiseme hayo ni mambo ya fundi. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho, amwambie fundi aingie na kutoka mara kumi mbele yake, aandike namba kumi kwenye karatasi. Zikionekana tofauti kabisa, bado amuulize zinatoka wapi. Zikifanana mwanzo na kuachana kwa herufi chache za mwisho, asitoe pesa.