Sheria yenye jina zuri haimpi mkulima mbolea

DESEMBA 21, 2001, aliyekuwa Rais wa Marekani, George W. Bush, alitia saini sheria iliyopewa jina la Demokrasia na Ufufuaji wa Uchumi wa Zimbabwe. Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo lilikuwa limeipitisha kwa kura 396 dhidi ya 11. Mkulima wa Zimbabwe aliyesikia jina hilo alikuwa na haki ya kutarajia mambo mawili: uchaguzi wa haki na fedha za kufufua kilimo.

Kifungu chake kikubwa kilisema kitu kingine. Kiliwataka wawakilishi wa Marekani katika Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wapinge mikopo mipya na misamaha ya madeni kwa Zimbabwe hadi masharti yatimizwe, yakiwamo utawala wa sheria, uchaguzi huru na ugawaji wa ardhi kwa njia halali.

Tatizo ni kwamba mlango huo ulikuwa umeshafungwa. Benki ya Dunia ilisitisha mikopo yake mwaka 2000, na Septemba 2001 IMF nayo ikaiondolea Zimbabwe sifa ya kukopa. Sababu ilikuwa malimbikizo ya madeni. Kila mwenye duka anajua kwamba kutangaza kutomkopesha mtu ambaye tayari yumo kwenye daftari la wadaiwa sugu hakumgharimu chochote anayetangaza.

Ni kweli sheria hiyo iliruhusu dola milioni 20 kwa mageuzi ya ardhi na milioni 6 kwa programu za demokrasia kwa mwaka 2002. Lakini kuruhusu matumizi si sawa na fedha kufika shambani.

Watetezi wake wanadai kwamba iliwatia moyo wapinzani na kuionya serikali. Hoja hiyo ina uzito, ila matokeo hayaiungi mkono. Mwaka 2008 Morgan Tsvangirai alijitoa katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais kutokana na wafuasi wake kushambuliwa. Robert Mugabe alipoondoka Novemba 2017, aliyemsukuma ni jeshi lake mwenyewe.

Kilichopatikana kwa hakika ni kisingizio. Mashamba makubwa yalianza kutwaliwa mwaka 2000, kabla ya sheria hiyo, na hati za ardhi zikapoteza thamani yake kama dhamana benki. Hata hivyo, kila pembejeo zilipokosekana, viongozi wa Harare walitaja vikwazo. Mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019 ukaitenga Oktoba 25 kuwa siku ya kupinga vikwazo hivyo. Ishara ikajibiwa kwa ishara. Machi 2024 Rais Joe Biden alifuta mpango wa vikwazo uliotokana na amri za marais, lakini hatua hiyo haikuifuta sheria ya 2001.

Zao la tumbaku linaonyesha vizuri kinachoangusha na kinachoinua kilimo. Mauzo yalishuka kutoka karibu kilo milioni 237 mwaka 2000 hadi chini ya milioni 50 mwaka 2008. Mwaka 2018 yalipita milioni 250, sehemu kubwa ikitoka kwa wakulima wadogo. Walioinuliwa hivyo hawakuinuliwa na azimio la bunge lolote. Kuanzia 2009 waliuza kwa dola badala ya fedha iliyokuwa imeporomoka, na kampuni za kilimo cha mkataba ziliwakopesha mbegu na mbolea. Utaratibu huo una kasoro zake, madeni yakiwamo, lakini uliweka pembejeo mikononi mwa mkulima.

Kwa hiyo, wabunge wa nchi yoyote wanapotangaza sheria ya kuokoa demokrasia ya jirani au ya nchi ya mbali, ni vyema ipimwe kama mkataba wa mauzo. Nani anatoa fedha, kiasi gani, lini, na nani atabeba hasara mambo yakienda kombo? Sheria isiyojibu maswali hayo huwapa sifa walioipitisha na kisingizio waliokusudiwa kubanwa. Mkulima hubaki akisubiri mvua na mbolea. Maneno matupu hayavunji mfupa.