Ustawi Umo Katika Katiba, Haumo Katika Bajeti

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowataka wafungue Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya mwaka 1977. Humo imeandikwa, bila kificho, kwamba lengo kuu la Serikali litakuwa ustawi wa wananchi. Haikutajwa kasi ya ukuaji wa uchumi wala kilomita za lami. Lakini rudi nyuma ibara moja tu: Ibara ya 7 inatamka kuwa masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu na mahakama yoyote. Lengo kuu la Serikali, basi, ndilo ambalo raia hawezi kulidai mahakamani. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya 2010, waliweka afya, makazi na maji safi miongoni mwa haki, chini ya Ibara ya 43, na mwananchi anaweza kufungua shauri. Sisi tumebakiwa na siasa, na siasa hufuata kinachohesabiwa.

Kinachohesabiwa tunakijua. Kila Juni bajeti husomwa Bungeni, tukasikia ukuaji, mfumuko wa bei, deni la taifa. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha hadi kipato cha kati, ngazi ya chini. Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni moja na pato la dola 7,000 kwa kila mtu. Sizibezi takwimu hizi. Zahanati haijengwi kwa nia njema.

Mtazame, hata hivyo, mkazi wa Mbagala au Chamazi, wilayani Temeke, ambaye riziki yake iko Kariakoo. Huondoka kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala. Nauli yake, na mafuta yanayoungua katika foleni, huingia katika pato la taifa. Saa alizozipoteza haziingii popote. Kule Tandale, Kinondoni, maji ya mvua yakijaa ndani ya nyumba, godoro jipya, saruji na dawa ya kuhara ni mauzo, na mauzo ni ukuaji. Usiku ambao mama aliupitisha juu ya meza, amempakata mtoto, hauna safu katika jedwali lolote.

Mtumishi wa umma atanijibu kwamba ustawi haupimiki. Mbona tumeshaanza kuupima? Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora mifereji na maeneo yanayofurika jijini. New Zealand nayo ilisoma bajeti ya ustawi mwaka 2019.

Kipo kipingamizi kizito zaidi, nacho wapenzi wa wazo hili hukikwepa. Bhutan, inayosifiwa duniani kwa kuthamini furaha ya taifa, ndiyo iliyowafukuza raia wake wenye asili ya Nepal miaka ya 1990, zaidi ya watu laki moja wakaishia kambini. Ustawi ukifafanuliwa na watawala peke yao unaweza kuwa fimbo ya kuwachapia wasiotakiwa. Sisi wenyewe tuliwahi kuwahamishia watu katika vijiji kwa nguvu, miaka ya 1970, kwa jina la maendeleo yao.

Kwa hiyo vipimo vianzie katika mkutano wa mtaa, tena viwe vichache: saa za safari kwa siku, siku ambazo bomba lilitoa maji, kaya zilizoingiliwa na mafuriko. Vibandikwe ofisi ya mtaa, kando ya taarifa ya mapato na matumizi. Halmashauri inapopeleka makadirio yake, kila mradi ueleze utabadilisha kipimo kipi, na kwa mtaa gani. Hili halihitaji Katiba mpya, ingawa nami ni miongoni mwa wanaoitaka. Temeke na Kinondoni zinaweza kulianza katika maandalizi ya bajeti ijayo, na madiwani wakaulizwa kwa nini taa za barabarani zimetangulia mtaro.